Gari la Kazi na Gari la Enzi: Uhakiki wa Shangingi la Dizeli

Utangulizi

Katika semina moja ya siasa tuliyoiendesha wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, somo letu lilikuwa usawa wa binadamu na wajibu wa kiongozi. Tulikaa chini ya mwarobaini. Wanasemina walikuwa kama arobaini, wengi wao wakulima wa pamba na mtama na wafugaji, pamoja na vijana wachache wa machimbo madogo. Somo lilichukua saa mbili. Kwa muda wote huo gari lililotuleta, Land Cruiser kubwa ya dizeli tuliyoazimwa na ofisi moja, lilikuwa limeegeshwa hatua chache nyuma ya wanasemina huku injini ikiunguruma, ili kiyoyozi kisizime na viti visipate joto. Watoto wa kijiji walisimama karibu na bomba la moshi wakilishangaa.

Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja alisimama. Hakuuliza juu ya Azimio la Arusha. Aliuliza gari lile limeleta watu wangapi. Tukajibu: watatu. Akauliza lina nafasi ya watu wangapi. Tukajibu: wanane. Kisha akauliza, kwa kuwa lilikuwa limesimama na bado linaunguruma, wakati ule lilikuwa linakwenda wapi. Watu wakacheka, dereva akazima injini, na semina ikaendelea. Lakini swali la mzee halikuzimika.

Makala haya ni jaribio la kulijibu, nasi tunayaanza kwa kujikosoa. Mwalimu wa siasa anayefundisha usawa huku moshi wake ukiwafikia wanafunzi wake amefundisha masomo mawili, na lililoshika ni lile la pili. Hatuwezi kulihakiki shangingi kana kwamba ni dhambi ya watu wengine.

Hoja yetu ni hii. Siku hizi tunasikia mengi juu ya kanuni za moshi wa magari, viwango vya injini na usafi wa dizeli. Kanuni hizo ni za lazima. Lakini kanuni ya moshi inayosimama peke yake, bila kanuni ya matumizi, huishia kumhukumu mgonjwa anayebebwa na gari kuukuu na kumbariki mkubwa aliyeketi katika gari jipya. Ili kulithibitisha hilo, tutachambua chombo chenyewe, matakwa ya mnunuzi, historia ya kanuni, na mwisho suala la nani analipa.

Chombo na jina lake

Uchambuzi ulio sahihi huanza na kitu chenyewe kilivyo. Wananchi wanaposema Land Cruiser wanataja magari mawili yenye jina moja.

La kwanza ni gari la kazi. Kampuni ya Toyota ilianza kulitoa toleo la 70 mwaka 1984, na tangu 1990 wengi wamelifahamu kwa injini yake ya dizeli iitwayo 1HZ: silinda sita, ujazo wa lita 4.2, isiyo na tabochaja wala kompyuta ya kuiongoza. Ni injini nzito na ya pole. Fundi wa wilayani huweza kuifungua na kuifunga kwa spana na maarifa. Gari hili ndilo linalobeba wagonjwa, chanjo, polisi, walimu na mafundi wa maji katika sehemu kubwa ya nchi. Anayelibeza hajawahi kulala njiani katika udongo mweusi wa mbuga wa Kishapu, ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika hushika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa aliye ng'ambo ya mto uliojaa, gari hili ni tofauti kati ya uhai na kifo. Hatuna ugomvi nalo.

La pili ni gari la enzi. Lina damu moja na lile la kwanza, lakini limelelewa ikulu. Toleo la 80 lilitoka mwaka 1990, la 100 mwaka 1998, na la 200 mwaka 2007, likiwa na injini ya dizeli ya V8 yenye ujazo wa lita 4.5 na tabochaja mbili. Hilo ndilo wananchi waliloliita V8 kwa kifupi. Toleo la 300 lilifuata mwaka 2021 na injini ya V6 ya lita 3.3. Ndani yake mna viti vya ngozi, kiyoyozi cha mbele na cha nyuma, na hata mahali pa kupozea vinywaji. Uzito wake ni tani mbili na nusu au zaidi, na mara nyingi tani hizo zote zinahamishwa ili kumpeleka mtu mmoja wa kilo sabini kwenye mkutano.

Jina ambalo wananchi wamelipa gari hili ni shangingi. Neno hilo lilikuwapo kabla ya gari. Lilitajwa kwa mwanamke mzoefu wa anasa asiyejali macho ya watu, nasi hatulisifu kwa kumfanya mwanamke kipimo cha uovu. Lakini lugha ya wananchi ni hakimu asiyehongwa. Katika miaka ya 1960 waliokuwa wakiendesha Mercedes-Benz waliitwa Wabenzi, kama vile ni kabila jipya lililohamia Afrika Mashariki. Jina la Wabenzi liliwasema watu. Jina la shangingi linakisema kitu, na ndani yake mna dhihaka na tamaa kwa pamoja. Anayelitamka kwa kejeli leo, kesho akipewa funguo hatazirudisha. Hapo ndipo ugumu wa suala letu ulipo.

Tukumbuke pia historia. Bwana Shauri wa kikoloni alifika vijijini kwa Land Rover, na vumbi lake lilikuwa tangazo kwamba serikali imekuja. Azimio la Arusha la 1967 liliweka masharti ya uongozi, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi kuwa mwenye majivuno, mpenda makuu na mwenye kuwadharau anaowaongoza. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya uongozi. Hatudai kwamba kabla ya hapo viongozi wote walikuwa wanyofu. Wabenzi walikuwapo siku zote. Tunasema kwamba baada ya hapo aibu ilipungua. Kilichokuwa kikifichwa nyuma ya ua kilitoka barabarani kikiwa kimewasha taa mchana.

Mnunuzi anataka nini?

Ni kosa kujibu swali hili kwa matusi. Mnunuzi ana sababu zake, na mwanasiasa asiyezielewa atapiga kelele hadi akauke bila kubadili kitu. Sisi tunaona mambo manne.

Kwanza, mnunuzi anataka kufika. Hili ni hitaji la kweli, na tumelieleza.

Pili, anataka mali isiyoyeyuka. Land Cruiser huuzika haraka na thamani yake hushuka polepole. Toleo la 300 lilipotoka mwaka 2021, wateja nchini Japani kwenyewe waliambiwa wasubiri kwa miaka, na wauzaji wakawataka wanunuzi watie saini ahadi ya kutoliuza upesi wala kulipeleka nje. Gari ambalo mnunuzi wake lazima aapishwe kwanza limekwisha kuwa namna ya fedha. Msukuma anaielewa hali hiyo vizuri, kwa sababu utajiri wake ulihesabiwa kwa ng'ombe kwa vizazi vingi. Lakini ng'ombe hutoa maziwa na mbolea, hulima, huozesha mwana na huzaa. Shangingi hula tu, na halijapata kuzaa.

Tatu, anataka kuonekana. Katika ukanda huu wa almasi na dhahabu, kutoka Mwadui hadi Geita, utajiri huibuka ghafula na hauna jina la ukoo. Aliyetoka shimoni na vumbi la karasha mabegani anataka ushahidi ambao hata aliyemdharau jana atauona kutoka mbali. Hatumcheki. Jamii ilimfundisha kwamba mtu apitaye kwa miguu hasalimiwi. Wala hakuanza yeye: mwaka 1947, miaka saba baada ya John Williamson kugundua almasi Mwadui, mgodi huo ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, nayo ikawa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Kishapu ilipeleka pambo Ulaya kabla haijawa na maji ya bomba. Sasa pamba, almasi na dhahabu hutoka, na katika vinavyorudi kwa fedha hizo za kigeni limo shangingi, na imo dizeli yake, kwa maana mafuta yote ya petroli na dizeli tunayotumia nchini huagizwa nje.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, anataka kutoguswa. Kioo cheusi kinamkinga asiguswe na macho, kiyoyozi kinamkinga asiguswe na jua, urefu wa gari unamkinga asiguswe na matope, na mara nyingine namba ya gari humkinga asiguswe na sheria. Anapita katika nchi yake kama mgeni anayetazama kwa dirishani. Kiongozi anayetaka kutoguswa hawezi kujua barabara ina mashimo mangapi, kwa sababu springi za gari zimemficha habari hiyo.

Tutofautishe hapa wanunuzi wawili. Yuko anayenunua kwa jasho lake, na yuko anayenunuliwa kwa jasho la umma. Mfanyabiashara wa dhahabu akichagua V8, mafuta anayalipa mwenyewe, na kila lita humkumbusha. Ofisa anayepewa V8 hana mkumbushaji. Kwake dizeli ni kama hewa.

Kanuni za moshi: zilikotoka na zilipoishia

Moshi wa dizeli si jambo la wivu wa maskini. Mwezi Juni 2012, miaka mingi baada ya mashaka kuanza, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Masizi yake ni membamba mno, huvuka pua na kukaa ndani ya mapafu.

Nchi za Ulaya zilianza kuweka viwango kwa hatua. Kiwango cha kwanza, Euro 1, kilianza 1992. Euro 5 kilianza 2009 na kikalazimisha magari madogo ya dizeli yawe na chujio la masizi. Euro 6 kikafuata 2014. Chujio hilo hukamata masizi, kisha gari likienda kwa kasi na bomba likapata joto la kutosha, masizi huungua na chujio hujisafisha. Kwa hiyo linahitaji vitu viwili: dizeli yenye salfa kidogo sana, na safari ndefu zenye joto. Ulaya ilishusha salfa hadi chembe 10 katika milioni mwaka 2009. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa sifa yake, ilikubali kiwango cha chembe 50 katika milioni kuanzia Januari 2015. Tusilidharau jambo hilo. Mwaka uliofuata, 2016, shirika la Public Eye la Uswisi lilionyesha jinsi makampuni ya biashara ya mafuta yenye makao Uswisi yalivyokuwa yakipeleka Afrika Magharibi dizeli yenye salfa ambayo Ulaya isingeikubali hata katika kituo kimoja. Bepari hachafui kwa sababu hajui kusafisha. Huchafua pale anaporuhusiwa.

Ushahidi wa tabia hiyo ni mwingi. Mwezi Septemba 2015 ilifichuka kwamba kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani iliweka katika magari yapatayo milioni 11 programu iliyotambua gari liko kwenye kipimo, likajifanya safi, na likitoka barabarani likarudia uchafu wake. Mwezi Januari 2024 Toyota ilisimamisha kwa muda usafirishaji wa magari kadhaa, zikiwamo aina za Land Cruiser, baada ya kubainika kasoro katika vipimo vya nguvu vya injini za dizeli vilivyofanywa na kampuni yake shirika. Na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, ulieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 magari yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na karibu asilimia 40 yake yalikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi mwaka huohuo waliyachunguza magari yaliyokuwa yakisafirishwa kuja Afrika wakakuta mengine yameng'olewa vifaa vya kusafishia moshi. Kanuni iliyotungwa katika nchi ya kiwanda huishia bandarini kwake.

Afrika Mashariki kila nchi imejibu kwa njia yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka kumi na mitano. Tanzania ilichagua kutoza ushuru wa uchakavu badala ya kukataza. Kila njia ina faida na hasara zake. Lakini zote zinauliza umri wa gari na afya ya bomba lake. Hakuna inayouliza swali la mzee wa Kishapu: linakwenda wapi, na limebeba nani?

Tazameni sasa mgongano unaotokea. Injini safi zaidi, yenye chujio na kompyuta, imo katika gari la enzi. Injini chafu zaidi, ile ya 1HZ isiyo na chujio, imo katika gari la wagonjwa. Tukiweka kanuni ya moshi peke yake na kuitekeleza kesho asubuhi, gari la wagonjwa ndilo litakalozuiwa, na shangingi la mwaka huu litapita likipigiwa saluti. Tena chujio hukamata masizi tu. Halipunguzi dizeli inayounguzwa. Kila lita moja ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, iwe imeungua katika gari la shilingi milioni ishirini au la milioni mia nne. Na gari linalonguruma likiwa limesimama kwa saa mbili nyuma ya semina halipati joto la safari, kwa hiyo hata chujio lake linaziba. Mwenye gari atakwenda kwa fundi, fundi atalikata na kuunganisha bomba tupu, na usafi wa Euro utakuwa umeishia kwenye karatasi za bandarini.

Nani analipa?

Katika uhakiki wa anasa, swali la mwisho siku zote ni hili. Tuchukue mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni mafuta ya taa. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wasio waaminifu walichanganya mafuta ya taa katika dizeli kwa sababu ushuru wake ulikuwa mdogo. Mchanganyiko huo uliharibu injini na kuikosesha Serikali mapato. Katika bajeti ya 2011/12 dawa iliyotumika ilikuwa kupandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Uchakachuaji ulikosa faida. Lakini aliyelipia dawa hiyo alikuwa mama wa koroboi, ambaye hajawahi kuchakachua kitu wala kumiliki injini. Leo taa za jua zimepunguza makali hayo vijijini, nasi tunashukuru. Lakini somo lake linabaki.

Mfano wa pili ni ada ya mwaka ya leseni ya gari. Katika bajeti ya 2017/18 ada hiyo ilifutwa, na badala yake shilingi 40 zikaongezwa katika ushuru wa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kwa mwenye gari dogo na kwa ukusanyaji wa mapato ilikuwa nafuu. Lakini kwa mara nyingine asiye na gari alisaidia kulipia ada ya mwenye gari kupitia taa yake.

Mfano wa tatu ni gharama za magari ya umma. Mwezi Juni 2022, akiwasilisha bajeti ya 2022/23, Waziri wa Fedha aliliambia Bunge kwamba Serikali ilikuwa ikitumia karibu shilingi bilioni 558 kwa mwaka kwa ajili ya magari. Sehemu ndogo ilikuwa ya kuyanunua. Kubwa ilikuwa ya mafuta, vilainishi, vipuri na matengenezo. Maana yake ni kwamba tunapopigia kelele bei ya shangingi siku linaponunuliwa tunagusa mkia wa mnyama. Tumbo lake ni matumizi ya kila siku: safari ya mtu mmoja, injini isiyozimwa, mwendo wa kasi, na msafara wa magari matano pale ambapo moja lingetosha.

Tuongeze jambo la ushuru wa kuingizia magari. Kwa muda mrefu ngazi ya ushuru wa bidhaa nchini imeishia kwenye ujazo wa injini wa sentimita 2,000. Ukishavuka hapo asilimia ni ileile kumi, iwe injini ni ya 2,200 au ya 4,500. Kenya imeweka kiwango cha juu zaidi kwa magari ya dizeli yanayozidi 2,500. Ngazi inayokoma kabla ya kumfikia mwenye nacho haistahili kuitwa ngazi.

Hoja za watetezi

Watetezi wa shangingi wana hoja, nasi tuzijibu kwa haki.

Wanasema: barabara zetu ni mbaya. Ni kweli. Basi gari ligawiwe kwa kuangalia barabara, lisigawiwe kwa kuangalia cheo. Mganga wa zahanati iliyo katikati ya mbuga ana haki ya kuwa na gari imara kuliko ofisa ambaye safari yake ya kila siku ni lami kutoka nyumbani hadi ofisini. Hali ilivyo mara nyingi ni kinyume: gari linaloweza kupita matopeni liko kwenye lami, na matopeni yuko mtu na baiskeli.

Wanasema: ofisi inahitaji heshima. Tunakubali. Lakini heshima ya ofisi ya umma hutokana na kazi inayofanywa humo. Aliyeheshimiwa kwa ajili ya gari siku akishuka amebaki bila kitu.

Wanasema: Ulaya, Marekani na China wamechafua dunia kuliko sisi, tuacheni nasi tufaidi. Ni kweli kwamba mchango wa Afrika katika kuchafua anga ni mdogo, na madai yetu kwa nchi tajiri lazima yaendelee. Lakini masizi yanayoingia kifuani mwa muuza ndizi wa Maganzo kando ya barabara ya Mwanza hayatoki Marekani. Yanatoka kwenye bomba lililopita mbele yake. Hatuwezi kumdai beberu haki ya hewa huku tukimnyima muuza ndizi haki hiyohiyo.

Wanasema mwisho: mtu ana uhuru wa kutumia mali yake. Anao. Sisi hatutaki kumnyang'anya mchimbaji gari lake. Tunachosema ni kwamba uhuru wake unaishia pale pua ya mwenzake inapoanzia, na kwamba alipe kwa kadiri ya ukubwa wa injini yake.

Kanuni ya ngitili

Hatuhitaji kwenda Ulaya kujifunza jinsi kanuni inavyoshika. Shinyanga ina somo lake. Katika miaka ya 1980 mkoa huu ulikuwa ukigeuka jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kama HASHI, na uliendelea hadi 2004. Siri ya mafanikio yake ilikuwa kurudia desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili: eneo la malisho hufungwa wakati wa mvua, majani na miti hupata nafasi, na hufunguliwa kiangazi wakati wa shida. Maelfu kwa maelfu ya hekta zilirudia uoto wake.

Kwa nini ngitili ilishika pale ambapo amri nyingi zilishindwa? Kwa sababu ni kanuni ya matumizi. Haiulizi ng'ombe ni wa aina gani. Inauliza ameingia lini na kwa haja gani. Na ng'ombe wa mkubwa akiingia wakati uliokatazwa, dagashida, yaani mkutano wa wanajamii, humwita mwenyewe kama inavyomwita mtu mwingine. Mkulima alikubali kumzuia ng'ombe wake mwenye njaa kwa sababu alimwona tajiri naye amemzuia wake. Kanuni yoyote ambayo mkubwa anaipita kwa gari, mdogo ataipita kwa miguu.

Kutokana na somo hilo tunapendekeza kazi nne.

1. Gari la umma ligawiwe kwa kazi. Daftari la safari, lenye kilomita, lita na idadi ya abiria, lisomwe mbele ya vikao vya wananchi wa mahali husika kama taarifa za mapato na matumizi zinavyosomwa.

2. Usafi wa moshi uanze kwa magari ya wengi: magari ya wagonjwa, malori na mabasi. Hayo ndiyo yapewe kwanza injini bora, mafundi waliosomea mifumo mipya, na dizeli iliyopimwa hadi kwenye vituo vya wilayani, badala ya kuyasubiri yachakae na kisha kuyafungia.

3. Ngazi ya ushuru wa magari ya anasa iendelezwe juu ya pale ilipokoma, na gari la kazi la shamba, mgodi mdogo na hospitali litofautishwe kwa sheria iliyo wazi ili lisiadhibiwe kwa makosa ya ndugu yake wa ikulu.

4. Makada tuanze sisi. Tusafiri pamoja, tuzime injini tunapofika, na tuegeshe mbali na watoto. Ni mambo madogo. Lakini mwananchi huipima itikadi kwa mambo madogo anayoyaona, kwa kuwa makubwa huambiwa tu.

Tuliporudi Kishapu kwa semina ya pili tulikuwa watu wanane ndani ya gari lilelile, wakiwamo muuguzi na mafundi wawili wa visima tuliowachukua njiani. Mzee yule alikuwa amekaa palepale chini ya mwarobaini. Alituhesabu tulivyokuwa tukishuka, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho. Hakusema neno. Dereva alizima injini, nasi tukaanza somo.